Kabla hujaitundika picha ya bingwa wa sataranji, soma ubao wake

Ninapofundisha watoto sataranji, huwaonyesha picha za wachezaji wa zamani kabla hawajagusa kete hata moja. Picha huwavuta kuliko maelezo yangu yote. Lakini katika kuzikusanya nimeona kwamba nyingi husambaa na maneno ya uongo chini yake, au yenye ukweli nusu, na mtoto akishalishika jambo ni kazi kulitoa kichwani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu, mzazi au yeyote anayetaka kuzitundika ukutani ni huu: uso uache kwanza, tazama ubao.

Sataranji ina bahati ambayo michezo mingine haina. Hatua za mapambano makubwa huandikwa moja baada ya nyingine, na maandishi hayo hutunzwa. Kete zikionekana vizuri kwenye picha, unaweza kujua ni pambano gani, na hata limefika hatua ipi. Wapenzi wa mpira watakumbuka picha ya Lionel Messi na Cristiano Ronaldo wakiinamia ubao, iliyopigwa na Annie Leibovitz kwa tangazo la Louis Vuitton na kutolewa Novemba 2022. Dunia nzima ilitazama nyuso. Wachezaji wa sataranji walitazama kete, wakatambua kwamba zimepangwa kama katika pambano la mabingwa wa sataranji Magnus Carlsen na Hikaru Nakamura nchini Norway mwaka 2017. Pambano hilo liliisha sare. Ukilijua hilo, picha inasema jambo kuhusu Messi na Ronaldo ambalo sura zao hazisemi.

Vivyo hivyo kwa Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati ule, akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili alipopambana na Deep Blue, kompyuta iliyoundwa kucheza sataranji, New York, Mei 1997. Watu huisambaza kama sura ya mtu aliyekwisha kushindwa. Mojawapo ya picha hizo ilitolewa na maelezo kwamba ilipigwa mwanzoni mwa pambano la sita, lile la mwisho. Tafuta hatua zake uzicheze na wanafunzi: kompyuta inatoa farasi kafara, yaani inakubali aliwe makusudi ili ipate nafasi nzuri ya kushambulia, katika hatua ya 8, na hatua ya 19 Kasparov anakubali kushindwa. Ni pambano fupi, linatosha kwa kipindi kimoja, na baada yake hakuna mtoto atakayeitazama ile picha kama alivyoitazama mwanzo.

Picha inayopendwa kupita zote ni ya Samuel Reshevsky, Ufaransa, mwaka 1920. Mtoto wa takriban miaka 8, mzaliwa wa Poland, amesimama amevaa nadhifu, na kumzunguka wameketi wazee wenye ndevu, kila mmoja na ubao wake. Maneno yanayoandamana nayo kwa kawaida husema anawashinda mabingwa wote hao kwa mpigo. Nawasihi wenzangu tuwe waangalifu hapa. Picha inaonyesha mtoto akicheza na watu wengi kwa wakati mmoja, na hilo peke yake ni ajabu tosha. Nani alishinda haionyeshi, wala haisemi kwamba wazee wale walikuwa mabingwa. Mimi huandika chini yake jina, mwaka na nchi, kisha nawaambia watoto yaliyofuata, maana ndiyo yanayowafaa zaidi: alihamia Marekani, akaacha mashindano makubwa kwa miaka kadhaa ili asome, akawa mhasibu, na mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa watu watano walioshindania ubingwa wa dunia ulioachwa wazi na kifo cha bingwa Alexander Alekhine. Alifungana na Paul Keres katika nafasi ya tatu. Wazazi wenye watoto wenye vipaji hunisikiliza sana nikifika kwenye ile miaka ya masomo.

Kuna hitilafu nyingine ya kuangalia: picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Kijumba cha pembeni mkono wa kulia wa kila mchezaji kinapaswa kuwa cheupe. Ukikiona cheusi, huenda ubao ulipangwa vibaya au huenda picha imegeuzwa. Tazama mfuko wa kifuani wa koti la mwanamume. Kwa kawaida uko upande wake wa kushoto. Ukiuona kulia, picha imegeuzwa.

Picha za makundi usizipite. Ile ya mashindano ya St. Petersburg, Urusi, ya mwaka 1914 ina Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia, aliyeshinda, Capablanca wa Cuba aliyemfuata kwa nusu pointi tu, na Alekhine, kijana wa miaka 21, wa tatu. Wajerumani na Warusi wamekaa pamoja kwa amani, na miezi michache baadaye nchi zao zinapigana. Wengi huongeza kwamba Tsar Nicholas II, mfalme wa Urusi, aliwatunuku cheo cha ubingwa mkuu (grandmaster). Hakujapatikana ushahidi wa wakati ule, kwa hiyo mimi nimeacha kuisimulia.

Alekhine huyo ndiye aliye kwenye picha nisiyoitundika kamwe: amekufa kitini ndani ya chumba cha hoteli, Estoril, Ureno, Machi 1946, koti mwilini na ubao karibu naye. Kwa miaka mingi watu wamehoji kama mandhari ile haikupangwa. Hata bila shaka hiyo, marehemu anastahili sitara, na zipo picha zake nyingi akicheza.

Nafasi hiyo mpe Vera Menchik. Mwaka 1929, katika mashindano ya Carlsbad, Czechoslovakia, alikuwa mwanamke pekee kati ya wachezaji 22. Kabla ya mashindano, mchezaji mwenzake Albert Becker alimkejeli kwamba atakayefungwa naye aingizwe kwenye “Klabu ya Vera Menchik”. Becker akafungwa. Menchik alimaliza wa mwisho, waambie watoto hilo pia, lakini baadaye alimfunga Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935. Alishika ubingwa wa dunia wa wanawake tangu 1927 hadi bomu la Wajerumani lilipomuua London mwaka 1944, pamoja na mama yake na dada yake. Ukipata picha yake, chapisha na hatua za pambano lake na Becker, uzibandike chini yake, na mabinti wazicheze.