Barua kwa Mwanangu: Je, Ulimsikia Mungu Vibaya?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako tumeisoma, mimi na baba yako. Unauliza: ikiwa ulifunga na kuomba kabla ya kuacha kazi Iringa, na milango yote ikafunguka hadi ukahamia Mwanza, imekuwaje upunguzwe kazi kabla hata mwaka haujaisha? Je, ulimsikia Mungu vibaya?

Swali lako limebeba dhana kwamba njia aliyoichagua Mungu lazima iwe nyepesi, na kwamba taabu ni ushahidi wa kupotea. Soma tena Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na wenzake walitaka kuhubiri Asia (jimbo la Kirumi, si bara), wakakatazwa na Roho Mtakatifu; wakajaribu kwenda Bithinia, nako wakazuiwa. Ni huko Troa ndiko Paulo alikoona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke, awasaidie. Walitii, wakasafiri kupitia Samothrake na Neapoli hadi Filipi. Ni wachache katika Maandiko walioelekezwa waziwazi kiasi hicho, na bado haukupita muda mrefu kabla Paulo na Sila hawajachapwa bakora na kufungwa miguu kwa mkatale katika chumba cha ndani cha gereza. Maono yaliwaambia wavuke. Habari ya bakora hayakuitaja. (Tena aliyewaita alikuwa mwanamume wa Makedonia, lakini wa kwanza tunayesimuliwa kuwa aliupokea ujumbe ni mwanamke, Lidia, mwenyeji wa Thiatira, mji wa Asia ileile waliyokatazwa.)

Kinachonigusa zaidi ni usiku ule wa manane. Waliomba na kumwimbia Mungu wakati migongo ingali inauma, kwa maana tetemeko la nchi lilikuwa bado halijaja, wala hawakuwa na habari kwamba litakuja.

Hata hivyo, sitakuambia kwamba umeipoteza kazi hiyo ili upate iliyo bora. Watu kanisani watakuambia hivyo kwa nia njema, lakini hawajui, nami sijui. Katika sura ya 12, Herode alimwua Yakobo kwa upanga, na Petro aliyekamatwa baada yake akatolewa gerezani na malaika. Luka, mwandishi wa Matendo, hatupi sababu ya tofauti hiyo, nami sithubutu kudhani kwamba imani ya Yakobo ilikuwa haba. Ninachoamini ni kwamba Mungu aliyekuongoza hadi Mwanza hajakuacha huko, na kwamba anaweza kukuonyesha hatua inayofuata bila kukueleza safari nzima.

Kuhusu hatua hiyo, usidhani kwamba kumtumaini Mungu ni kunyamazia dhuluma. Asubuhi mahakimu walipoagiza wafungwa wale waachiliwe, Paulo alikataa kuondoka kimyakimya: wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, basi mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Unasema uliachishwa bila notisi wala malipo yoyote. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, nawe umeshatumia nyingi kati ya hizo ukijiuliza kama ulikosea. Nenda wiki hii, ukiwa na mkataba wako na hati za mshahara. Kodi ya mwezi ujao baba yako ameshaitenga, kwa hiyo usiuze kitanda.

Mama yako