Mikusanyiko ya wapenzi wa UFO na watu wenye shaka: jibu kutoka Malindi

Ndugu uliyeuliza kama uhudhurie mkutano wa wanaofuatilia vitu visivyotambulika angani (UFO), ilhali kaka zako wanakucheka na jirani yako anasisitiza kuwa hayo ni mambo ya majini, mimi nakushauri uende, kwa sharti nitakalolieleza. Nimekuwa nikihudhuria mikusanyiko ya namna hiyo hapa Malindi kwa miaka kadhaa, na nimewasikiliza wanaoamini na wanaokanusha wakijadiliana uso kwa uso.

Kicheko kina madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kinawanyamazisha wale hasa tunaowahitaji. Mvuvi anayekesha baharini hulitazama anga kuliko sisi tunaolala majumbani, lakini akijua kwamba ataitwa mlevi, hatatamka neno. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mvuvi wa upande wa Ngomeni, alisimulia habari za moto uliopanda kutoka baharini hadi ukapotelea juu, na jamaa zetu wa bara wakamwona mzushi. Moto huo ulikuwepo. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, na mojawapo ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Waliomcheka mzee hawakumuuliza hata alikuwa akitazama upande gani, na hilo ndilo ninalowalaumu.

Hata hivyo, shaka ya mtu anayeuliza maswali haipaswi kuwekwa fungu moja na dhihaka. Katika mkusanyiko wetu mmoja, mama mmoja alieleza kwamba baada ya Magharibi aliona taa nyingi zikipita kimyakimya kwa mstari ulionyooka. Mwalimu wa fizikia aliyekuwepo alimuuliza siku, saa na upande, akatafuta kwenye simu ratiba ya setilaiti za intaneti za Starlink, na akamwonyesha kwamba kundi lililorushwa siku chache kabla lilipita hapo wakati uleule. Alifafanua pia kwa nini zinang'aa: huku chini jua limekwisha kutua, lakini kule juu zilipo bado linazimulika. Mama yule aliridhika kabisa. Waliokasirika walikuwa watu ambao hawakuona chochote usiku ule, na nimeliona jambo hilo likijirudia mara nyingi mno, kwamba anayetetea tukio kwa ukali zaidi si yule aliyelishuhudia.

Tangu hapo tumeweka utaratibu ambao naupendekeza kwa kila kundi. Kila shahidi huandika peke yake kabla ya kuwasikia wenzake, kwa sababu simulizi za watu waliokwisha kuzungumza huanza kufanana, na ufanano huo haufai tena kuwa ushahidi. Anaandika saa, muda ambao kitu kilionekana, upande kilikotokea na kilikoelekea, na kimo chake kutoka upeo wa macho, kinachopimwa kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa, kwani ngumi moja ni takriban digrii kumi. Muda peke yake hufumbua mengi: kimondo huzimika ndani ya sekunde chache, mabaki ya roketi hukatika vipande huku yakisafiri polepole zaidi, na sayari ya Zuhura hubaki ikiwaka magharibi au mashariki kwa muda mrefu, hata mtu aliye chomboni akadhani kwamba inamfuata.

Umuhimu wa kuandika kabla ya kuzungumza unaonekana katika kisa cha shule ya Ariel, huko Ruwa, Zimbabwe, ambako tarehe 16 Septemba 1994 watoto wapatao sitini walisema waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Baadhi yao bado wanashikilia kauli hiyo wakiwa watu wazima, nami siwezi kuwaita waongo. Lakini siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yameonekana yakiwaka katika anga la kusini mwa Afrika, na wenye shaka wanasema kwamba baadhi ya watoto walihojiwa wakiwa pamoja. Hoja hizo zinastahili kujibiwa mkutanoni, na anayezitoa hastahili kuzomewa.

Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa kuchunguza UFO ulioitwa Blue Book na uliofungwa mwaka 1969, lilikusanya ripoti 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Wapenzi wa UFO huitaja hiyo 701 kana kwamba ni idadi ya wageni waliotutembelea, ingawa ripoti inaweza kukosa maelezo kwa kukosa taarifa tu. Kinyume chake, pete kubwa ya chuma iliyoanguka Mukuku, kaunti ya Makueni, mwishoni mwa Desemba 2024, ilieleweka upesi kwa sababu kilikuwa kitu cha kushikwa na kupimwa: Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa tathmini ya awali kwamba ni sehemu ya roketi.

Basi sharti langu ni hili: kabla ya kwenda, waulize waandaaji kama mwenye shaka anaruhusiwa kuzungumza na kama ushahidi unaandikwa. Wakikubali, nenda, na umchukue kaka yako mmoja awaulize maswali yake huko huko. Wakikataa, andika ulichokiona wewe mwenyewe, kikiwa na tarehe na saa, kisha kilete hapa tukichunguze.