Mtazamaji hana deni la kusoma kitabu

Swali la wiki: Je, filamu iliyotokana na kitabu ni lazima ieleweke kwa mtu ambaye hajakisoma?
Jibu la msomaji, Kigoma

Ni lazima, na hapa sioni haja ya kuuma maneno. Aliyelipa kiingilio amelipia picha. Hakulipia picha na kitabu chake. Akitoka kwenye banda la video pale Mwanga, hapa Kigoma, huku anauliza wenzake "kwani yule mzee alikuwa nani?", mwenye kosa ni aliyeandika skripti. Ila kuna wanaoikubali hoja hii kisha wakaiharibu picha kwa kueleza kila kitu: msimulizi anaongea mfululizo, steringi mwenyewe, yaani mhusika mkuu, hata hajaonekana.

Kueleweka si kuambiwa yote. Mtazamaji anavumilia sana kutojua jambo, mradi ahisi kwamba atajulishwa mbele ya safari. Asichovumilia ni kuona watu kwenye kioo wanashtuka au kulia kwa jambo ambalo yeye hana habari nalo. Kwa hiyo skripti ya namna hii huwa inakaguliwa kuanzia mwisho. Chukua dakika ishirini za mwisho, orodhesha kila kifaa, kila mtu na kila siri ambayo bila hiyo mwisho hausimami. Kisha rudi nyuma utafute kila kimoja kilionekana wapi mara ya kwanza. Jibu likiwa "kwenye kitabu, sura ya nne", umepata shimo.

Sisi watu wa ziwani tuna mfano wetu. The African Queen ni filamu ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston kutoka riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na meli ya Wajerumani iliyomo hutajwa kuwa imetokana na Graf von Goetzen, yaani Liemba yetu hii ya Ziwa Tanganyika. Charlie, mwenye kiboti cha mvuke, na Rose, dada wa mmisionari, wanataka kuizamisha kwa torpido, yaani mabomu ya kulipulia meli, za kujitengenezea. Rose hajui lolote la mambo hayo, na hiyo ndiyo bahati ya mwandishi: anauliza ile mitungi mirefu ni ya nini, Charlie anamjibu, na sisi tumeshajua kwamba botini kuna mitungi ya gesi na kuna baruti. Baadaye tunamwona Charlie akitengeneza vilipuzi kwa risasi, vipande vya mbao na misumari, na akitoboa sehemu ya mbele ya boti ili vichwa vya mitungi vitokeze nje. Dhoruba inapokuja, maji yanaingia kwa matundu yaleyale, boti inazama, na hakuna wa kuuliza kwa nini. Meli inapolikaribia gamba la ile boti lililopinduka, hata mtoto wa darasa la tatu anajua kitakachofuata.

Sasa, kwenye riwaya mwisho huo haupo. Boti inazama, wawili wale wanakamatwa, Wajerumani wanawakabidhi kwa Waingereza, na meli inakuja kuzamishwa na boti za Waingereza. Kitabuni hilo linapita, kwa sababu msomaji amekaa siku kadhaa ndani ya vichwa vya Charlie na Rose na kinachomshika ni wao zaidi kuliko meli. Kwenye picha ya dakika 105 lingekuwa balaa: umemshughulisha mtu na mitungi muda wote huo, halafu kazi inamalizwa na watu waliotokea mwishoni. Kubadilisha ilikuwa sahihi, hata kama aliyesoma alinuna.

Hapa Kigoma wapo watakaobisha kwa sababu nyingine: Goetzen haikulipuliwa na yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, injini wakiwa wamezipaka grisi, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ni kweli tupu, na haiipunguzii picha kitu. Picha ile haikuegemea historia wala riwaya. Kila inachokihitaji kimo ndani yake.

Makosa mengi hutokea kwenye kukata. Kukata ni lazima, maana ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya picha, na riwaya ya kurasa mia tatu haiingii kwenye kurasa mia na ishirini. Shida ni kukata tawi na kuacha tunda. Mfano unaojulikana ni kipande cha kioo cha kujitazamia katika filamu za Harry Potter. Kwenye kitabu cha 5 Harry anapewa kioo na mlezi wake, Sirius. Filamu ya kitabu hicho, ya mwaka 2007, ilikiacha kisa hicho. Kitabu cha 7 kilitoka Julai mwaka huohuo, mwezi uleule filamu hiyo ilipoingia kwenye majumba ya sinema, na ndani yake kile kioo ndicho kinachoita msaada. Basi filamu ya mwaka 2010 inamwonyesha Harry ana kipande cha kioo mkononi, anakitazama kwa uchungu, na asiyesoma kitabu anabaki kukodoa macho. Sentensi mbili tatu za ufafanuzi zilikuja kwenye filamu iliyofuata, mwaka 2011. Kama huwezi kujua mwisho wa mfululizo, acha japo kitu hicho kionekane mara moja mezani. Ni sekunde tatu tu.

Na kuna waliojaribu kuziba shimo kwa karatasi. Filamu ya Dune ya mwaka 1984 ilipotoka, kwenye baadhi ya kumbi watazamaji walipewa orodha ya maneno ya riwaya na maana zake. Ukishafika hapo umeshindwa, na isitoshe ukumbini taa huzimwa. Riwaya hiyohiyo ilirudiwa kwa filamu mbili, za mwaka 2021 na 2024, ya kwanza pekee ikiwa na saa mbili na dakika 35, na maneno yaleyale magumu yakapata nafasi ya kuonekana yakitendeka kabla ya kutajwa.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuna msaada ambao wengi wanaupuuza. Kitabu kinaweza kusema kwa sentensi moja kwamba Fulani ni mjomba wa binti na hawaelewani. Kwenye sini, yaani tukio moja la picha, binti anasema "Shikamoo mjomba", mzee anajibu "Marahaba" bila kuinua uso kutoka kwenye daftari lake la madeni, na umeshamaliza: ukoo, umri, ugomvi na fedha. Majina nayo yaangaliwe. Kitabuni ukiwachanganya Hamisi na Hamidu unarudi kurasa mbili nyuma. Bandani hakuna kurudi, hivyo mmoja abadilishwe jina, au wawili wawe mtu mmoja. Miaka ikipita, maandishi ya "baada ya miaka mitatu" wengi hawayasomi, hasa kioo kikiwa kidogo. Mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni aonekane anatumwa dukani.

Picha ikishaunganishwa kwa mara ya kwanza, ionyeshwe kwa makundi mawili, waliosoma kitabu na wasiosoma, na wahojiwe mbalimbali. Waliosoma ni mashahidi wabovu: wanaliziba shimo wenyewe kwa kumbukumbu bila kujua, kisha wanaapa kwamba kila kitu kilikuwa wazi. Mwandishi wa skripti ndiye mbovu kuliko wote. Usiwaulize "mmeelewa?", maana kila mtu atasema ndiyo. Waulize steringi alikuwa anataka nini, na kwa nini yule mwingine alimsaliti. Majibu matano tofauti yana maana sini moja imepotea.

Huku kwetu mashimo mengine hayaonekani kwa sababu ya watafsiri wa filamu, wale wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya picha. Mtafsiri hodari akiona pengo analijaza palepale, anampa mtu cheo, anamzulia na shangazi. Nawaheshimu sana. Lakini naye aghalabu ameiona picha tu, kitabu hajakigusa, kwa hiyo banda zima linaweza kuondoka na hadithi ambayo hata mwandishi wake hataitambua.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, aliyoitengenezea filamu Amil Shivji mwaka 2021, imeichukua njia ninayoitetea: saa moja na nusu hivi, Yasmin na Denge mbele, Zanzibar ya miaka ya 1950 nyuma yao, na mengi ya riwaya yakaachwa. Asiyesoma anaifuata. Ila riwaya hiyo imekuwa ikisomwa kidato cha tano na sita, na wapo wanafunzi wanaotafuta filamu ili wakwepe kurasa. Hao wajue kwamba mtihani hutungwa kutoka kwenye riwaya, yakiwemo na yale ambayo filamu iliyaacha.