Maswali na Majibu: Kuhama Excel Kwenda Kwenye Kanzidata

Faili letu la mauzo limegoma kupokea mistari mipya. Tununue kompyuta yenye nguvu zaidi? (Duka la vipuri, Kariakoo)

Hapana. Faili la zamani, lile linaloishia na .xls, lina mistari 65,536 basi. La .xlsx linafika 1,048,576. Kompyuta ya bei yoyote haibadilishi hapo. Mwaka 2020 Uingereza ilikuta maambukizi 15,841 ya korona hayakuingia kwenye hesabu za taifa kwa wakati, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la .xls na yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Lenu limegoma waziwazi, afadhali. Lihifadhini kama .xlsx leo ili duka liendelee kuuza, kisha mpange kuhamia kwenye kanzidata (database), yaani programu inayotunza taarifa kwenye majedwali. Na mhakikishe hakuna mauzo ya wiki zilizopita yaliyoachwa nje.

Nitumie programu gani? (Wengi)

PostgreSQL. Kama fundi wako anaijua zaidi MySQL, basi MySQL. Zote zinapatikana bure. Swali hili linarudi kila mara, na anayelileta huwa bado hajajua mstari mmoja wa faili lake unawakilisha nini: mteja, ankara au bidhaa moja ndani ya ankara. Anza na hilo.

Shikamoo mwalimu. Niko rasilimali watu, Ubungo. Namba za NIDA za wafanyakazi kwenye shiti yetu zote zinaishia na sifuri tano. Nitazirudishaje kabla ya kuhamia kwenye mfumo?

Marahaba. Huwezi kuzirudisha kutoka kwenye shiti hiyo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel ikiichukulia kama namba ya hesabu inatunza tarakimu 15 tu. Zilizobaki inazigeuza sifuri. Waliozichapa pamoja na vistari wamesalimika, kwa sababu Excel iliziona ni maandishi. Za wengine fungua mafaili ya ajira, chukua nakala za vitambulisho, uandike upya.

Kwenye kanzidata, safu hiyo iwe ya maandishi. Ya simu vilevile, la sivyo 0754 itakuwa 754. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha ni maandishi. Waambie na wenzako wa uhasibu kuhusu namba za akaunti za benki, kabla mshahara haujaenda kusikojulikana.

Mteja mmoja tumemwandika kwa namna nne tofauti. Kanzidata itaziunganisha yenyewe? (Msambazaji wa vinywaji, Mbagala)

Haitaziunganisha. "Mama Neema Store", "MAMA NEEMA", "M/Neema" na "Mama Neema Stoo" kwake ni wateja wanne, na deni la mtu mmoja litagawanyika mara nne. Anayejua kwamba ni mtu mmoja, au kwamba M/Neema ni duka jingine kabisa la Chamazi, ni karani wako na yule kijana wa gari la kusambaza. Wakalishe chini na orodha. Kila mteja apewe namba yake moja, na kuanzia hapo ankara zibebe namba hiyo. Jina liandikwe mahali pamoja tu, kwenye jedwali la wateja.

Mmeniambia pia mna safu za Bidhaa1, Bidhaa2 mpaka Bidhaa8. Zivunjeni. Ankara iwe na jedwali lake, na bidhaa za ankara ziwe na jedwali lake, kila bidhaa mstari wake. Mteja akichukua bidhaa ya tisa mtaiweka wapi? Najua mnapoiweka: kwenye safu ya maoni, ambako hakuna jumla inayoifikia.

Mkishasafisha, mimineni kila kitu kwanza kwenye jedwali la muda, lote maandishi matupu. Hesabuni mistari. Linganisheni jumla ya kila mwezi na ile ya Excel mpaka shilingi ya mwisho. Ikipishana hata kwa shilingi mia, simamisheni kazi mjue imetoka wapi.

Fundi wetu anasema tuondoe masharti ya funguo kwa sababu data za zamani zinakataa kuingia. Tumkubalie? (Kampuni ya usafirishaji, Tabata)

Msimkubalie kabisa. Masharti hayo, hasa ya rejea, ndiyo yanayodai mteja wa kila ankara awepo kwenye jedwali la wateja. Ankara iliyokataliwa kwa kuwa mteja wake hayupo kwenye jedwali la wateja ni ankara ya mteja asiyejulikana. Hamjui nani wa kumdai! Mnahama Excel ili kupata kitu kitakachosema hapana karani akikosea saa kumi na moja jioni. Mkiondoa masharti, mmenunua Excel nyingine kwa gharama kubwa. Mistari iliyokataliwa iwekwe kwenye jedwali la pembeni, na mtu mwenye jina aitolee uamuzi, mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kuhama kwenyewe.

Mkagueni fundi huyo pia: kwenye MySQL, majedwali ya injini (sehemu inayotunza data) ya MyISAM hupokea masharti ya rejea na kuyapuuza. Tumieni InnoDB. Kwenye SQLite, programu nyingine ya kanzidata, huwa yamezimwa mpaka uyawashe.

03/04 ni Aprili au Machi?

Muulize aliyeandika. Kuanzia leo andikeni mwaka, mwezi, siku: 2025-04-03.

Bosi anataka Excel na mfumo mpya viende pamoja mpaka tuzoee. (Mhasibu, Sinza)

Mwezi mmoja, na tarehe ya mwisho itangazwe. Baada ya hapo faili la Excel lifungwe, lisomeke tu. Bila tarehe, watu wataandika wanakopenda na mtabaki na hesabu mbili zinazobishana.

Tumemtumia fundi faili zima kwa WhatsApp ili aanze kazi. Kuna ubaya?

Upo, kama lina majina, simu na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na dhamana ya taarifa hizo ni yenu, hata zikiwa kwenye laptopu ya fundi. Mpeni mistari michache yenye majina ya kubuni ajengee majedwali. Data halisi aiingize ofisini kwenu, kwenye mashine yenu. Kabla ya siku ya kuhama mwambieni achukue nakala rudufu, airudishe kwenye kompyuta nyingine mkiwa mnatazama, na mfungue ankara ya jana.