Fitri ya mchele wa Mombo

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mtoto hujifunza dini wapi zaidi, nyumbani au madrasani?", limenigusa pabaya. Najua wengi watawaandikia kwamba mama ndiye madrasa ya kwanza, na nami nilishika kalamu niseme hayo hayo. Lakini nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kulikuwa na mama na baba, na hao wawili hawakutufundisha kitu kimoja, ingawa msala ulikuwa mmoja.

Wa umri wangu mnaukumbuka mwaka 1983. Vita dhidi ya wahujumu uchumi, rafu za maduka tupu, watu wanatupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Kipande cha sabuni kilikuwa habari ya mtaa mzima. Ramadhani iliangukia Juni, ikaingia Julai. Mchele wetu ulikuwa wa duka la ushirika, kwa mgao wa balozi wa nyumba kumi, chenga tupu na mawe yake. Kumi la mwisho mjomba akaja kutoka Mombo na debe la mchele wa shambani kwake, mrefu, unanukia hata haujaona moto. Aliupitishaje kwenye vizuizi vya barabarani sikuambiwa, na nadhani haikuwa hadithi ya kusimuliwa mwezi mtukufu.

Mama akausukuma uvunguni. Sote tulijua ule ni wa pilau ya Idi. Kaka yangu alikuwa akiinama kuunusa kila akirudi chuoni, yaani madrasani.

Usiku wa mwezi kuandama, Mama akatoa pishi apime fitri, ile zaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani wapewayo maskini. Baba alikuwa mtu wa kitabu, akisema jambo la fiqhi, sheria za dini, wazee wa msikitini humsikiliza. Akasema pimeni chenga, sheria inataka chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji, na Tanga nzima inakula chenga. Nimekuja kusoma ukubwani nikaona kweli ndivyo wasemavyo Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Sheria ilikuwa upande wake.

Mama akauliza, "Na sisi kesho tunakula upi?"

"Wa Mombo."

"Haya," akasema, akalivuta debe.

Tulikuwa vichwa vinane, pishi moja kila kichwa, vibaba vinne kila pishi. Nikauliza mbona mdogo wetu wa mwisho naye anapimiwa na hata meno hana. Mama akanijibu, "Jua limekuchwa yupo, basi yumo." Pishi moja ni kama kilo mbili na nusu, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe mjue kilichobaki kwenye debe la mjomba. Pishi ya nane haikujaa. Akasema hiyo ni yake yeye, akaijalizia chenga. Baba alisema tu, "Fanya uonavyo, Mama Fulani," akatoka kwenda kwenye takbira.

Alfajiri, kabla ya sala ya Idi, mimi na kaka tukatumwa kuupeleka kwa jirani yetu mjane, kapu tumelishika huku na huku. Kaka hakunisemesha njia nzima. Pilau yetu siku hiyo ilitoka kama bokoboko lililokosa nyama. Baba alikula, akashukuru, akanawa.

Idi pili kaka akaja mbio. Yule jirani anauza mchele wetu! Uani kwake, kwa vibaba, kwa bei ya ulanguzi, na wanawe wanatamba na kandambili mpya! Mama alikuwa anachambua mchicha.

"Mchele wetu upi?"

"Ule wa Mombo!"

"Sisi hatuna mchele wa Mombo," akasema, akaendelea na mchicha wake.

Baba alikuwa barazani na alisikia. Nilimngoja aseme, hakusema. Msidhani kwamba nyumba yetu ilibadilika kuanzia hapo. Mwaka uliofuata tulitoa chenga, maana mjomba hakuja.

Sasa hapo ndipo jibu langu linaponiponyoka. Nilitaka kusema nimejifunza dini kwa mama, nyumbani, kwa macho. Lakini siku ile sikujifunza lolote. Nilijua tu kwamba mama yangu ni mbishi na pilau imeharibika. Ni baadaye, chuoni, mwalimu alipotufikisha Aal Imran aya ya 92, hamtapata wema mpaka mtoe katika vile mnavyovipenda, akatusimulia habari za Abu Talha, sahaba wa Mtume, na bustani yake ya Bairuha pale Madina, mali aliyoipenda kuliko zote, alivyoitoa. Nikamwona Mama na pishi yake. Yeye mwenyewe Kurani aliisoma kwa sauti tu, tafsiri hakuwahi kufundishwa.

Kaka yangu aliacha chuo mapema. Nyumba ile ile, mchele ule ule, na mpaka leo anasema Mama aliwadhulumu wanawe kumfurahisha mlanguzi. Simlaumu sana. Kilo ishirini za mchele mwaka ule, nyumba yenye watoto sita, hata mimi nikiwa na wajukuu nikizifikiria najikuta namwelewa Baba zaidi kuliko nilivyotarajia nilipoanza barua hii.

Kwa hiyo, mhariri, kura yangu iandikeni madrasani, kwa masharti. Iwe madrasa ya mtaani ambayo mtoto magharibi anarudi kwao, si ya kumtupia mwalimu na bakora yake halafu mzazi ananawa mikono. Na hiyo aya aliyohifadhi ikutane na kitu alichokiona. Siku hizi nyumba nyingi za hapa mjini fitri hutumwa kwa simu kwa mweka hazina wa msikiti, mtoto haoni pishi wala hajui nani kapewa. Mwalimu atamfasiria nini huyo? Nikiona hivyo nataka kurudisha kura yangu nyumbani, lakini mmesema jibu liwe moja.

Kaka naye anasoma jarida lenu. Akiwaandikia kwamba debe lile mjomba alimletea Baba, si Mama, mchapisheni tu. Ni kweli.

Msomaji, Tanga