Kupika mafuta ya kuchua ya karafuu na tangawizi nyumbani

Mafuta mengi ya kuchua yanayotengenezwa nyumbani huharibiwa na maji. Mtu anakata tangawizi mbichi, anaitumbukiza kwenye mafuta ya nazi, anaiacha chupa dirishani wiki mbili, kisha anashangaa ukungu umetanda juu. Tangawizi mbichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na maji hayo hayana pa kwenda ila ndani ya chupa. Kwa hiyo kazi inaanza siku kadhaa kabla ya kuwasha jiko.

Kata tangawizi vipande vyembamba, usimenye, tandaza kwenye ungo mahali penye upepo. Iko tayari pale kipande kinapovunjika kwa mlio. Kikipinda, bado. Gramu 300 mbichi hubaki kama 60 kavu, na ukali wake huzidi ule wa mbichi, kwa hiyo hupotezi kitu. Majani ya mchaichai yakate vipande vifupi, uyaanike kivulini, maana jua kali huondoka na harufu, na harufu ndiyo uliyoitaka. Karafuu huwa zimeshakaushwa, ila zikague: bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha, na mafuta yajitokeze. Zisipotoa kitu, na ni nyepesi na zimesinyaa, huenda zimekaa mno dukani au mafuta yake yalishakamuliwa.

Kwa nusu lita ya mafuta ya nazi, tumia gramu 50 za tangawizi kavu, gramu 20 za karafuu (vijiko 3 vya chakula) na gramu 15 za mchaichai. Twanga tangawizi na karafuu zipasuke tu. Ukizisaga kuwa unga, utachuja hadi usiku na mafuta yatabaki na mchanga unaokwaruza ngozi.

Mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe kwa tui ni mazuri, lakini mara nyingi hubaki na maji kidogo chini. Yapime hivi: pasha kijiko kikavu cha chuma kwenye moto, dondoshea tone moja. Likitatarika, kuna maji, na mafuta yarudi jikoni kwa moto mdogo mpaka mlio uishe. Asiye na nazi atumie ufuta au alizeti. Kwa watu wa Arusha, Njombe au Nairobi hilo ni bora zaidi, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hakuna raha kuchokoa chupa kwa kijiti alfajiri.

Usipike mafuta moja kwa moja juu ya moto. Weka mafuta na viungo kwenye bakuli la chuma, na bakuli ndani ya sufuria yenye maji, na ukingo wa bakuli uwe juu ya maji. Moto mdogo, saa 3. Mafuta yawe kati ya nyuzi 50 na 60. Kama huna kipimajoto, angalia mafuta yenyewe: yatulie, yasichemke. Ukiona povu dogo linazunguka vipande vya tangawizi, ama kuna unyevu uliobaki ama umezidisha moto. Usifunike, maana mvuke utaganda kwenye kifuniko na kudondokea ndani. Karafuu zikiungua mafuta hunuka moshi, na hapo hakuna dawa, anza upya.

Chuja yakiwa vuguvugu kwa kitambaa cha pamba kilichokauka kabisa. Kipande cha kanga iliyochakaa kinafaa kuliko chujio la chai. Kamua, lakini usikamue kwa nguvu zote, kwani tone la mwisho ndilo linalobeba takataka. Acha yatulie usiku kucha mahali pa joto yasigande, kisha mimina taratibu na uache lile tope la chini. Majani hunywa mafuta, kwa hiyo tegemea kama mililita 400. Weka kwenye chupa nyeusi au ya kahawia iliyooshwa na kukaushwa juani mdomo wazi.

Wanaotaka nguvu zaidi huongeza mafuta halisi ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kama ya Pemba. Hapa watu hujiumiza. Tone 10 kwa mililita 100 zinatosha, na uziweke mafuta yakishapoa kiasi cha kushikika chupa, la sivyo harufu hupaa yote. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi. Ya mdalasini ni mabaya zaidi, na sisi hatuyaweki kabisa. Ndimu na limau pia ziache: zikibaki kwenye ngozi ukatoka juani, unaweza kupata malengelenge na madoa yanayodumu wiki nyingi.

Pilipili kichaa hupendwa kwa magoti na kiuno. Isizidi gramu 5 zilizokauka kwa nusu lita, na vaa glavu kuanzia kuitwanga. Ikikushika mikono, maji peke yake hayasaidii. Jipake mafuta ya kula kwanza, futa kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni. Na mafuta yenye pilipili hayachanganywi na kitambaa cha moto.

Ukitaka mazito yasiyotiririka, yeyusha nta ya nyuki ndani yake, kwa bakuli lile lile juu ya maji: gramu 15 kwa mililita 100 ukiwa Dar, gramu 8 hadi 10 sehemu za baridi. Kabla ya kumimina koponi, weka tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji. Likiwa gumu ongeza mafuta, likiwa laini mno ongeza nta. Kusahihisha sasa ni rahisi kuliko baadaye.

Losheni nyeupe ya majimaji ni kazi nyingine. Nta ya nyuki peke yake haiunganishi maji na mafuta. Itajitenga kesho yake. Inahitaji kiunganishi maalumu na kihifadhi, na bila kihifadhi bakteria huzaliana hata kabla harufu haijabadilika. Ushauri wetu: lowesha ngozi kidogo kwa maji ya uvuguvugu, halafu paka mafuta. Hulainika vilevile.

Kabla ya kutumia, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, subiri saa 24. Wajawazito na watoto chini ya miaka 2 wasipakwe, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize hospitali kwanza. Usichue jeraha, wala maungo yaliyoteguka leo au jana. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuguse kwa kuchua hata kidogo: panaweza kuwa na damu iliyoganda ndani, na kuikanda ni kuisukuma kuelekea mapafuni. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mgongo mzima vijiko 2 vya chai vinatosha, ukivipasha kwanza viganjani. Mafuta yasiyobaki na maji hukaa miezi 6 kabatini. Usichote kwa mkono wenye maji, na uandike tarehe kwenye chupa. Yakianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa, yamwage, ila si kwenye sinki; yakiganda yataziba bomba.