Ukiacha Kukoroga, Maji Hutulia

Masika yakianza, maji ya mto kwetu yalikuwa yanabadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa. Bibi aliyajaza kwenye ndoo, akaifunika na kutukataza kuigusa. Mtoto akichovya kikombe mapema alikemewa: "Umeyaamsha!" Asubuhi tope limekaa chini, juu maji meupe, naye anayachota taratibu na kuyachemsha.

Miaka mingi baadaye nilikutana na jambo hilohilo kwenye Tao Te Ching, kitabu kifupi cha Kichina chenye sura 81, ambacho mapokeo yanasema mwandishi wake ni Laozi. Sura ya 15 inauliza ni nani awezaye kuyaacha maji ya matope yatulie mpaka yawe safi. Nilikifunga kitabu, nikamkumbuka bibi.

Wakati huo nilikuwa na miezi sijalala vizuri. Baba alikuwa amefariki, mimi na kaka yangu tunagombania kiwanja alichotuachia. Kila ujumbe wake niliujibu palepale, hata saa sita usiku, na kila jibu likazaa ugomvi mwingine. Nilidhani natafuta suluhu, kumbe nakoroga.

Nikaanza na jambo dogo. Ujumbe ukiingia, naigeuza simu kifudifudi, nakaa, nafuata pumzi kumi. Hasira siifukuzi, naitazama ilipo. Yangu huanzia tumboni ikapanda hadi kwenye taya. Siku za mwanzo sikufika pumzi ya nne kabla akili haijarudi kiwanjani. Usivunjike moyo hapo, maana kule kugundua kwamba umeondoka, ukarudi, ndiko zoezi lenyewe. Jon Kabat-Zinn, aliyeanza kuwafundisha wagonjwa zoezi la namna hii mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, alipanga mafunzo ya wiki nane. Mimi nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza wiki ya tatu. (Usingizi ukipotea kabisa au huzuni ikikulemea, nenda hospitali, usitegemee pumzi peke yake.)

Wapo walioniuliza kama hii si dini nyingine. Mimi naswali swala tano, sijaacha. Nilichogundua ni kwamba nilikuwa naswali huku akili iko kwenye hati ya kiwanja.

Watao, yaani wafuasi wa mafundisho ya kitabu hicho, wana neno wu wei, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni kutotenda. Mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto atakaaje bila kutenda? Maana iliyonifaa mimi ni kutolazimisha. Zhuangzi, mwanafalsafa wa China ya kale, anasimulia habari za mpishi Ding, aliyekatakata nyama kwa kisu kimoja miaka 19, akapasua ng'ombe maelfu, na makali bado kama yametoka kwenye jiwe la kunolea. Hakuupiga mfupa. Alipitisha kisu penye nafasi, katikati ya viungo. Ila wanaokisimulia kisa hiki mara nyingi huruka sehemu ninayoipenda kuliko zote: Ding akifika kwenye kiungo kilichosukana vibaya, anapunguza mwendo, anakaza macho, anasogeza kisu kidogo mno.

Kiungo changu kilikuwa kaka. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamuuliza goti lake linaendeleaje. Kiwanja sikukitaja. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza habari za goti kwa nusu saa nzima.

Hatujagawana bado. Juzi usiku alituma ujumbe kuhusu mpima ardhi, nikasikia taya linakaza. Nikaiacha simu mezani, nikaenda jikoni kusugua sufuria ya wali. Ukoko ulikuwa umegandamana, nikamwagia maji, nikangoja ulainike. Niliporudi nikaandika: "Shikamoo kaka. Jumamosi nitakuja tuzungumze."